Jezi Isiyooza

Asidi ya salfa haiisamehe pamba. Tone moja, hata likiwa limezimuliwa kwa maji mengi, likidondokea shati la kazi huonekana halina madhara. Lakini maji yakikauka asidi hubaki ndani ya uzi, ukali wake huzidi, na baada ya kufuliwa mara moja au mbili shati hutoka na matundu. Ndiyo maana mavazi ya kinga ya watu wanaofanya kazi na asidi hushonwa kwa sufu au kwa poliesta. Poliesta huivumilia asidi hafifu bila shida. Nailoni, ambayo wengi huidhania kuwa kitu kilekile, haiivumilii.

Shituru imeishi na asidi hiyo kwa karibu miaka mia. Ni mojawapo ya komuni nne za mji wa Likasi, katika Katanga ya Kongo, pamoja na Kikula, Panda na Likasi yenyewe, na jina lake limebebwa mbali na viwanda vyake. Hapo ndipo kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilipoanza, mwaka 1929, kuyeyusha madini ya shaba kwa asidi na kisha kuivuna shaba yenyewe kwa umeme. Enzi za ukoloni mji uliitwa Jadotville, na jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Kazi ya Shituru ni kutenganisha: mawe machafu yanaingia upande mmoja, na upande wa pili hutoka vibati vya shaba iliyo safi kwa asilimia tisini na tisa na zaidi.

Shaba hiyo haina mwisho. Kibati kilichotoka Shituru mwaka 1935 kinaweza kuwa kimeshakuwa waya wa simu, kikayeyushwa, kikawa bomba la maji, kikayeyushwa tena, na leo kimo ndani ya injini ya friji mahali fulani duniani, na ubora wake haujapungua hata chembe. Mkusanyaji wa vyuma chakavu anapopita mitaa ya Likasi akiulizia nyaya na betri mbovu, yumo katika mzunguko huo. Kila anachookota kina bei, kwa sababu kuna tanuri linalokisubiri.

Jezi ya mpira haina tanuri linaloisubiri. Hilo ndilo tatizo lote la sura hii, na inafaa lielezwe mahali ambapo watu wanajua kwa mikono yao maana ya kukirudisha kitu mwanzo.

Jioni, vumbi la viwanjani linapoanza kutulia, Likasi huvaa rangi za dunia nzima. Kuna nyeusi na nyeupe za TP Mazembe wa Lubumbashi, klabu iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010 na kuwa ya kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo. Kuna wafuasi wa US Panda B52, klabu ya mji wenyewe. Na kuna Chelsea, Barcelona, Manchester, pamoja na jezi za timu za vijiji vya Ubelgiji na Ujerumani ambazo hakuna mvaaji anayejua ziko wapi. Nyingi zimetengenezwa kwa kitu kimoja: petroli iliyogeuzwa plastiki, plastiki ikavutwa kuwa uzi.

Zamani zilifika kwa njia nyingine. Enzi za Union Minière, na baadaye Gécamines iliyoirithi baada ya serikali kuitaifisha kampuni mwaka 1967, mtu wa kazi alipata kwa mwajiri wake nyumba, posho ya chakula, matibabu na shule ya watoto. Mpira nao ulilelewa na kampuni. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka, na katikati ya muongo huo uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi chini ya sehemu moja ya kumi. Mwaka 2003 mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia uliwaondoa kazini zaidi ya watu 10,000, wakaitwa walioondoka kwa hiari. Mji uliokuwa ukivishwa na kampuni ukabaki kujivisha wenyewe, na mtu aliyepoteza mshahara hana duka lingine zaidi ya soko la mitumba.

Mitumba hiyo husafiri sana. Mtu wa Ulaya au Marekani hutumbukiza jezi kwenye sanduku la kukusanyia nguo. Jezi hiyo huchambuliwa huko huko, au hupelekwa kuchambuliwa mahali ambapo kazi ni rahisi zaidi, kama vile Poland, Pakistan au Falme za Kiarabu. Hufungwa kwenye balo, hupakiwa kwenye kontena na kushushwa bandarini, mara nyingi Dar es Salaam. Kutoka hapo ni barabara: Tunduma, kisha Zambia, ambako bidhaa hiyohiyo huitwa salaula, kisha foleni ya malori ya Kasumbalesa, kisha Lubumbashi, na mwisho kilomita kama 120 zaidi hadi Likasi.

Muuzaji wa soko hununua balo likiwa limefungwa. Anaambiwa aina: nguo za watoto, suruali za jinzi, nguo za michezo. Anaambiwa na daraja. Kilichomo ndani hasa atakijua akishalipa na kukata kamba. Jezi moja ina gramu 150 hivi, kwa hiyo balo la kilo 45 linaweza kubeba jezi 300. Faida yake yote imo katika zile za juu, zenye majina makubwa na rangi ambayo haijafifia. Za kati humrudishia mtaji. Za chini, zilizochanika kwapani, zilizopasuka namba, zilizonuka jasho la mtu wa mbali hadi sabuni ikashindwa, ni hasara yake. Mtu aliyezitumbukiza kwenye sanduku alilala usiku huo akiamini ametoa sadaka. Gharama ya kuzitupa imehamia kwa mwanamke mwenye meza sokoni.

Uzi wenyewe wa poliesta si wa zamani. John Rex Whinfield na James Tennant Dickson waliugundua Uingereza mwaka 1941, wakifanya kazi katika kampuni ya kuchapa vitambaa ya Manchester. Mwaka 1958 Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, Marekani, akapata uzi wa elastini, ule unaovutika na kurudi, ambao leo umo katika karibu kila suruali ya kukimbilia inayobana. Hizi zilikuwa kazi kubwa za akili na hazistahili kubezwa. Poliesta hainywi maji, kwa hiyo jasho hutandazwa juu yake na kukauka upesi. Haikunjamani, haiozi, haitafunwi na mchwa. Mtoto akiivaa kila siku kwa miaka mitatu, mdogo wake bado ataikuta na nguvu.

Urefu huo wa maisha ndio hazina yake ya kwanza, na kwa bahati nzuri Shituru haihitaji kufundishwa namna ya kuutumia. Nguo hutoka kwa kaka hadi kwa mdogo, kutoka kwa mdogo hadi kwa binamu wa kijijini. Kipimo cha haki ni hiki: jezi iliyovaliwa na watu wanne imepunguza haja ya kutengenezwa jezi tatu nyingine. Hakuna kiwanda chochote cha kurejeleza, popote duniani, kinachofikia faida hiyo. Anayesema kwamba mitumba yote ni takataka hajawahi kumnunulia mtoto kifaa cha mazoezi kwa mshahara wa mlinzi.

Ugumu unaanza pale mvaaji wa mwisho anapomaliza.

Matangazo ya kampuni kubwa za michezo yamewafanya wengi waamini kwamba jezi ya zamani huyeyushwa ikawa jezi mpya. Mara chache sana. Katika Kombe la Dunia la Afrika Kusini mwaka 2010, Nike ilizivalisha timu zake, Brazil, Uholanzi na Ureno zikiwemo, jezi za poliesta iliyorejelezwa, na kila jezi ilisemekana kubeba plastiki ya chupa nane. Ilikuwa kweli, na neno la kushika hapo ni chupa. Karibu poliesta yote inayouzwa duniani kama iliyorejelezwa hutokana na chupa za maji na soda. Chupa ingeweza kuwa chupa tena mara kadhaa. Ikishageuzwa shati, safari yake kwa kawaida imekwisha. Mwaka 2017 taasisi ya Ellen MacArthur ya Uingereza ilikadiria kwamba chini ya asilimia moja ya malighafi inayotumika kutengeneza nguo hurudi kuwa nguo mpya.

Sababu haziko katika uvivu wa watu. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 255 hivi, na kila ikiyeyushwa minyororo ya molekuli zake hukatika na kuwa mifupi, hivyo uzi unaofuata huwa dhaifu zaidi. Elastini kidogo tu iliyochanganywa ndani huvuruga kazi nzima. Rangi ya jezi za kisasa haijapakwa juu: huingizwa kwa mvuke wa joto hadi ndani ya uzi, na kuitoa ni kazi ya maabara. Namba na jina la mchezaji ni plastiki ya aina nyingine iliyobandikwa. Zipu ni ya tatu, na uzi wa kushonea unaweza kuwa wa nne. Kuna njia za kemia zinazoivunja poliesta hadi chanzo chake na kuijenga upya; kampuni ya Teijin ya Japani ilifanya hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini viwanda vya namna hiyo vinahesabika, na viko mbali mno na Katanga. Kusafirisha tani moja ya jezi chakavu kutoka Likasi hadi baharini kungekula thamani yake kabla haijafika hata Kasumbalesa.

Kwa hiyo swali la uwajibikaji lirudishwe mahali linapostahili, yaani mwanzoni mwa safari. Anayetoa ndiye mwenye nafasi ya kuchambua vizuri. Ana maji ya bomba, ana mashine ya kufulia, na mji wake una mahali pa kutupa taka panaposimamiwa. Nguo iliyokufa inapaswa kufia huko.

Hili limeshabishaniwa hadharani. Mwaka 2011 shirika la World Vision lilipokea kutoka ligi ya mpira wa Marekani, NFL, fulana na kofia 100,000 zilizochapwa kusherehekea ubingwa wa Pittsburgh Steelers, timu iliyoshindwa fainali. Zilikuwa mpya kabisa, na hazikuuzika kwa sababu maneno yake hayakuwa kweli. Zikapangiwa kwenda Zambia, jirani wa Katanga, na nchi nyingine tatu. Watafiti na wafanyakazi wa misaada wakapaza sauti: hakuna aliyewauliza Wazambia kama walikuwa wakikosa fulana, na kilichotatuliwa hasa kilikuwa tatizo la ghala la Marekani. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Zawadi inapoanza na swali la mtoaji, atakitoaje kitu hiki nyumbani kwake, mpokeaji huwa jalala lenye adabu.

Kenya imepimwa zaidi kuliko nchi nyingine za ukanda huu. Ripoti ya shirika la Changing Markets iliyotoka mwaka 2023 ilikadiria kwamba zaidi ya vipande milioni 300 vya nguo zenye plastiki, vilivyoharibika au visivyouzika, huingia nchini humo kila mwaka. Vipande hivyo huishia kwenye jalala la Dandora, kwenye kingo za mto Nairobi, au motoni. Serikali nazo zimejaribu mkono wao. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuwanyima nafasi ya kuuza bidhaa zao bila ushuru, na wengi wakarudi nyuma. Rwanda ikashikilia: ilikuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha huo. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, kwa hiyo mjadala huo sasa ni wake pia.

Katika mjadala huo marufuku ya jumla hutajwa upesi kuliko wanavyotajwa wanawake wenye meza sokoni. Ushuru unaopanda mara kumi na mbili humpiga muuzaji wa Kikula kabla haujamgusa mchambuaji wa Antwerp. Hatua yenye manufaa zaidi ni ile inayomfunga aliyeitengeneza nguo. Ufaransa ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2007: anayeingiza nguo sokoni hulipa mchango wa kuzikusanya na kuzichambua zikichakaa. Kasoro yake ni kwamba nguo husafiri na mchango hubaki. Jezi iliyolipiwa Lyon ikifia Shituru, fedha za mazishi yake zimebaki Lyon. Wanaharakati wa Ghana, ambako soko la Kantamanto mjini Accra humeza nguo za Ulaya kwa mamilioni, wamekuwa wakidai kwamba fedha hizo ziifuate nguo. Wana haki, na Katanga ina kila sababu ya kusimama nao.

Sheria zikisubiriwa, timu zinahitaji jezi Jumamosi hii. Vifaa vingi hufika kwa njia fupi kuliko balo: binamu aliyeko Brussels, padri aliyekwenda likizo, Mkongomani wa Afrika Kusini anayerudi kwa basi. Uingereza kuna shirika liitwalo KitAid, linalofanya kazi hiyohiyo kwa mpangilio, likikusanya vifaa vya mpira vilivyotumika na kuvipeleka Afrika na kwingineko. Kinachotofautisha mzigo wenye msaada na mzigo wa usumbufu ni mambo ya kawaida sana. Jezi kumi na nne za rangi moja zina maana kwa kocha. Jezi arobaini za rangi ishirini hazina. Kipa anahitaji rangi ya kwake. Watoto wa miaka kumi na miwili hawavai saizi ya mtu mzima wa Ubelgiji. Bukta na soksi husahaulika, na mara nyingi ndizo zinazokosekana. Wasichana wakicheza, wanahitaji sidiria za michezo, na hizo zitolewe mpya au karibu na mpya, kwa sababu elastini yake ikishachoka haibani tena.

Kuna na matangazo ya kifuani. Vilabu vya Ligi Kuu ya Uingereza vilikubaliana mwaka 2023 kuacha kuweka majina ya kampuni za kamari mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025-26. Ni rahisi kukisia jezi hizo zitaelekea wapi zikishapoteza soko kwao. Uingereza yenyewe ilishakataza tangazo la kamari kwenye jezi za saizi ya watoto. Mtoto wa Shituru hastahili ulinzi mdogo kuliko wa Liverpool. Kibandiko cha jina la mtaa kikishonwa juu ya tangazo, tatizo limekwisha, na jezi imepata mwenyewe. Namba zilizobandikwa kwa joto huweza kubanduliwa polepole kwa kupitisha pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa kilichotandikwa. Rangi iliyoingia ndani ya uzi haitoki, na kuilazimisha ni kuichoma jezi bure.

Mfano mzuri zaidi wa kuunganisha mpira na usafi uko Nairobi. Mwaka 1987 katika mtaa wa Mathare kulianzishwa chama cha vijana, MYSA, ambacho ligi yake ina kanuni moja isiyo ya kawaida: timu hupata pointi kwa kushinda mechi, na hupata pointi nyingine kwa kusafisha mtaa. Timu isiyoshika reki na toroli hushuka kwenye msimamo hata ikiwa na washambuliaji wakali. Kanuni hiyo ingeweza kuhamia Likasi kesho bila mfadhili yeyote. Kocha anaweza kuamua kwamba jezi ni za timu na si za mchezaji, kwamba hupewa kabla ya mechi na kurudishwa baada yake, na kwamba aliyepoteza au kuichoma yake anakaa benchi. Seti moja inayotunzwa hivyo huhudumia vikosi kadhaa, kimoja baada ya kingine.

Kutunza kwenyewe kuna elimu yake. Harufu ya jezi si uchafu wa mtu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichukua fulana za watu 26 waliotoka kufanya mazoezi ya baiskeli na kugundua kwamba zile za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, kwa sababu bakteria fulani wa jasho hustawi juu ya uzi huo. Dawa ni kutozirundika zikiwa mbichi. Zisuuzwe siku ileile, zilowekwe kwenye maji yenye siki kidogo kabla ya sabuni, zianikwe zikiwa zimegeuzwa nje ndani. Jua kali la mchana, likirudiwa kila wiki, hudhoofisha nailoni na elastini, kwa hiyo kivuli chenye upepo ni bora. Vilainishi vya nguo viachwe: huziba njia ambazo jasho hupitia.

Kila ufuaji hutoa vumbi la nyuzi lisiloonekana kwa macho. Ripoti ya shirika la uhifadhi la IUCN ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba asilimia 35 ya chembe ndogo za plastiki zinazoingia baharini moja kwa moja zikiwa chembe hutokana na kufua nguo za namna hii. Kwa mara moja mambo yanaiendea vizuri Shituru: wanasayansi wa China walionyesha mwaka 2023 kwamba kufua kwa mikono hutoa nyuzi chache sana kuliko mashine. Hata hivyo, mahali pa kumwaga maji pana uzito. Maji machafu ya Shituru huteremka kwa mto Buluo hadi Lufira, na Lufira hulisha ziwa Tshangalele, ambako watu huvua samaki. Ziwa hilo limeshabeba shaba na kobalti ya viwanda kwa miongo mingi. Beseni la kufulia jezi limwagwe kwenye shimo la uani, mbali na kisima na bustani, lisimwagwe mtoni.

Na jezi ikifa kweli? Jijini Nairobi shirika la Africa Collect Textiles limeweka masanduku ya kukusanyia nguo zilizochakaa. Zinazovalika hutengwa, na zisizovalika hugeuzwa mazulia, mikoba na vijazio. Likasi ina mafundi cherehani wa kutosha kuiga sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mgongo wa jezi, ambao huchakaa mwisho, hutoa kaptura ya mtoto au mfuko wa sokoni usioozeshwa na mboga mbichi. Vipande vidogo hujaza mito na viti, na mpira wa matambara wa watoto. Fundi anapaswa kuonywa kuhusu jambo moja: sindano yenye ncha kali hutoboa na kuchana kitambaa hiki, na sindano yenye ncha ya mviringo hupita kati ya nyuzi bila kuzikata.

Gereji nazo zina haja ambayo jezi inaitimiza kuliko pamba. Poliesta huyakataa maji lakini huyapenda mafuta. Ni duni kwa kupigia deki, na ni bora kwa kufutia oili na grisi, ilimradi injini iwe imepoa, kwa maana ikigusa chuma cha moto itayeyuka na kuganda hapo. Fundi wa pikipiki wa barabara ya Kolwezi angeweza kununua kilo ya matambara yaliyokatwa vizuri, bila zipu wala namba, kutoka kwa yuleyule mwanamke wa sokoni anayekula hasara ya chini ya balo. Bei ingekuwa ndogo, lakini kitu kilichokuwa takataka kingekuwa na mnunuzi. Bustanini, kinyume chake, vipande hivyo visitumike kufungia nyanya: havitaoza, vitanyofoka uzi mmoja mmoja ndani ya udongo.

Njia moja ya kuimaliza jezi haina ubishi kwamba ni mbaya, na ndiyo rahisi kuliko zote. Asubuhi makaa yakiwa mabichi na mbabula, yaani jiko la makaa, inakataa kushika, kipande cha jezi huwaka upesi na kwa ukaidi. Huwaka kwa sababu ni petroli. Poliesta hutoa moshi mweusi mzito na kudondosha matone ya moto yanayoshika ngozi. Aliyeunguzwa nayo huunguzwa zaidi kuliko na pamba, kwa sababu haimwagiki bali hung'ang'ania. Nailoni ikiungua huweza kutoa gesi ya sianidi. Namba za plastiki, zikiwa za PVC, hutoa dioksini. Poliesta nyingi hubeba pia mabaki ya antimoni, metali inayotumika kuharakisha utengenezaji wake, na majivu yake humwagwa uani, watoto wanapocheza. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven walichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wamebeba kobalti na metali nyingine kwa viwango vya kutisha. Familia za eneo hilo zimeshapokea sehemu yao ya sumu. Mbabula hushika vizuri kwa magunzi makavu ya mahindi na vijiti, na jezi ya mwisho ikae kwenye gunia la fundi wa pikipiki.